Barabara Haina Mkwe

Mvua inaponikuta katika mji wowote, kabla sijatafuta pa kujikinga huangalia kwanza maji yanakwenda wapi. Tabia hii si yangu. Niliiokota Kisii, katika bustani ya mji, kwa mtu ambaye sote tulimwita Nyapara. Nimeacha mengi njiani tangu siku zile, kamera, marafiki, hata mke, lakini tabia hii haikukubali kuachwa.

Nilikuwa mpiga picha wa bustani. Miaka ile ya kwanza ya Uhuru watu walipenda kupigwa picha wamesimama penye maua na njia iliyopangwa mawe pembeni, ili jamaa waliobaki Nyacheki au kule Nyamira ndani waone kwamba huyu amefika mjini. Riziki yangu basi ilikuwa mikononi mwa Nyapara. Njia ikiwa kavu, watu walikuja na suti zao. Ikiwa tope, walizunguka barabara ya juu wamekunja suruali, na mimi nilikaa na kamera yangu kama mwuza nyama siku ya Sabato.

Bustani yenyewe ilikuwa mteremko. Juu ilipakana na ofisi na maduka. Chini kulikuwa na lango dogo lililoelekea soko la Daraja Mbili, na humo ndimo wanawake wa ndizi walimopandia asubuhi na mikungu kichwani. Kisii hunyesha karibu kila alasiri, na maji ya mapaa yote ya mji yalishuka kupitia bustani, kana kwamba nayo yanakwenda sokoni. Katikati ya mteremko palikuwa na tope ambalo watu walilizoea jinsi mtu anavyozoea jino bovu.

Nyapara alitaka kitu kimoja tu: njia moja, kutoka lango la juu hadi lango la chini, ambayo mama mwenye mkungu kichwani angeipita msimu wote wa mvua bila kuteleza, na ambayo ingekuwapo bado wakati yeye hayupo. Alikuwa amefanya kazi ya barabara tangu ujana wake, enzi za Wazungu, na hakuna hata moja iliyobaki jinsi alivyoiacha. Hii ilisombwa, ile ilipindishwa, nyingine iliota nyasi kwa sababu malori yalipata njia ya mkato.

"Mimi nimelima hii dunia yote na jembe," aliniambia, "na nyuma yangu hakuna alama. Hata konokono anaacha alama."

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na koti lake la kaki lilikuwa limevutwa chini na vigingi vya kupimia alivyobeba mifukoni. Hakutazama watu usoni. Alitazama miguu yao, kwa kuwa miguu ndiyo iliyomhusu. Alimjua kila mtu kwa viatu vyake. Siku moja nilinunua viatu vipya, akanipita langoni bila salamu. Nilipomwita alirudi nyuma, akavitazama kwa muda, akasema, "Kumbe ni wewe uko huko juu."

Mvua ikianza, wengine walikimbilia kibanda cha vifaa. Yeye alitoka. Alijifunika gunia kichwani akasimama katikati ya bustani kuangalia maji yanavyokuja, akiinama, akigeuka, akiyafuata kama mchungaji. "Maji ni mgeni," alipenda kusema. "Mwonyeshe mlango mapema, la sivyo atalala kwako." Vibarua walimcheka, na mmoja tuliyemwita Mrefu alikuwa na ulimi usiopumzika.

"Omogaka," Mrefu alimwambia siku waliponyoosha kamba ya njia mpya, akitumia jina la heshima la wazee wa Kisii ingawa hakuwa na heshima yoyote usoni, "hii kamba yako imenyooka kuliko dini."

"Na wewe umepinda kuliko mkia wa nguruwe. Chimba."

"Nachimba, nachimba. Lakini mfereji huku na mfereji huku? Njia yenyewe imebaki kama mgongo wa mbuzi!"

"Wewe unataka kulala hapo au unataka kupita?"

Njia ilikuwa nyembamba kweli. Nyapara aliamini kwamba njia pana ni uvivu wa fundi. Kila hatua unayoongeza upana, alisema, umeyaongezea maji kitanda. Kwa hiyo alikata mgongo mwembamba ulionyooka, akaumwagia kokoto, na kila upande akachimba mfereji wa kina uliojengwa kwa mawe. Mkubwa wa kazi za mji alikuja akautazama, akasema ni kazi nzuri, na nadhani alimaanisha.

Sasa ni lazima niseme jambo la nyumbani kwake, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Nilimtembelea mara moja huko Manga, kwenye mgongo wa kilima, kumpelekea picha ya mwanawe. Nilitegemea kuona njia kama za bustanini. Nilikuta tope tupu. Nilipanda nikishika migomba, na mke wake, mama mcheshi mwenye sauti ya kufika ng'ambo, alinipokea kwa kelele: "Shika huo mti, mgeni! Huyu mtu wa barabara hajatuchimbia hata mfereji wa kuku!" Nyapara alisema tu kwamba mtu hawezi kuwa nyapara wa nyumba yake.

Tulipokuwa tukishuka kwenda kisimani anionyeshe chemchemi, alitokea mbele yetu mkamwana wake, mke wa mtoto wake wa kwanza, na mtungi wa maji kichwani. Kwa Wakisii kuna heshima ya aibu wanayoiita chinsoni. Baba mkwe na mkamwana, mama mkwe na mume wa binti yake, hawasongamani. Hawapishani bega kwa bega katika njia nyembamba. Mmoja huondoka njiani, hugeuza uso, hungoja. Mara nyingi mdogo ndiye anayempisha mkubwa, lakini mwenye mzigo huonewa huruma. Basi Nyapara aliingia migombani, akasimama ametupa mgongo, akitazama mgomba mmoja kama anayesoma tangazo. Yule mama kijana alipita ameinamisha macho. Kisha Nyapara akarudi njiani, akaendelea na maneno yake kuhusu chemchemi pale pale alipoyaachia. Nilimwona akifanya hivyo tena na tena siku ile, akizunguka mbali migombani ili asipite mbele ya nyumba ya mwanawe. Alikuwa mkali katika heshima hiyo kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Na mtu huyo huyo ndiye aliyejenga njia ambayo hakuna mtu angeweza kuiacha ili kumpisha mwenzake.

Ilifunguliwa mwanzoni mwa kiangazi. Kwa muda mfupi ilikuwa sherehe. Nilipiga picha za maarusi, za makarani, za mzee mmoja wa Nyamira aliyetaka miguu yake ionekane. Nyapara mwenyewe alikataa kupigwa picha. Alitaka nimpigie mfereji, siku ya mvua, maji yakikimbia. Nilipomletea, aliishika picha karibu na pua.

"Mbona maji yamesimama?"

"Picha husimamisha kila kitu, Nyapara."

"Basi haifai," akasema, akanirudishia.

Halafu nikaanza kuona wanawake wa ndizi hawaitumii njia. Walipanda kandokando, kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwenye kokoto, na nyayo zao zilikuwa zimechora njia ya pili, nyekundu. Nyapara aliwakuta asubuhi moja akafura. Aliyesimama kumjibu alikuwa Mama Ndizi, mwuzaji mkongwe ambaye mjini kote hakuna aliyethubutu kumpunja.

"Mama, nimewajengea njia na mnakanyaga nyasi. Nyinyi ni ng'ombe?"

"Njia yako ni nzuri, mwanangu. Ni nzuri kama meza ya Mzungu. Lakini mume wa binti yangu anafanya kazi hapo juu posta. Kila asubuhi yeye anashuka kunywa chai, mimi napanda. Tukikutana hapo katikati, mimi naenda wapi? Niingie kwa mfereji na mkungu? Au nimwingize yeye, na hiyo tai yake?"

Wenzake walicheka mpaka mikungu ikayumba.

"Barabara haina mkwe," Nyapara alisema.

"Barabara haina. Mimi ninaye."

Nilikuwapo, na nilimwona jinsi uso wake ulivyobadilika. Alijua ana makosa, nadhani, tangu neno la kwanza. Alisimama pale wanawake walipokwisha kwenda, akatazama mfereji wa kulia, akatazama wa kushoto. Lakini kwa muda wa msimu mzima alilishikilia neno lile kama ngao. Wakimlalamikia: barabara haina mkwe. Mrefu akalifanya wimbo wa kuchimbia. Nyapara akapanda michongoma kuziba njia ya nyasi, wanawake wakaizunguka michongoma, na njia ya pili ikawa pana zaidi.

Mvua zilipokuja, maji yakafanya kama wanawake. Mfereji uliyangoja bure. Maji ya juu yalikuta njia ya nyayo, laini, iliyolegea, yakaifuata hiyo. Kabla ya msimu kwisha ilikuwa imekatika ufa wa kuweza kuficha mbuzi. Maji yalikuwa yameonyeshwa mlango, lakini na wengine.

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. Hakusema amekosea, alianza tu kutafuta mbao. Alizilaza juu ya mifereji hapa na pale, ili mtu anayempisha mkwe wake apate pa kusimama. Mbao zilikwenda kuwa kuni. Akaenda ofisini kuomba slabu za saruji, akakaa benchini siku baada ya siku, kofia magotini, mpaka wakampa ili wamwone akiondoka. Zilikuwa nzito, hakuna mwizi aliyezitamani. Mama Ndizi alikuja kuzijaribu. Alipanda juu ya moja na mkungu wake, akageuza mgongo, akangoja kama vile mkwe anapita kweli, kisha akarudi njiani.

"Hapa hata askofu anaweza kupishana na mama mkwe wake!"

"Askofu hana mama mkwe," Mrefu akasema.

"Ndiyo maana ana amani."

Wanawake walirudi kwenye kokoto. Ufa ulijazwa mawe. Nilimwona Nyapara kwa mara ya kwanza akiwatazama watu usoni, mmoja baada ya mwingine, wakipita. Kama ningeambiwa kuchagua siku ya kuondoka Kisii, ningeondoka siku hiyo. Sikujua.

Ndizi za Kisii husafiri zimefungwa kwa majani yake makavu. Majani hudondoka. Zamani yalipita mferejini na kwenda zake; sasa yalifika kwenye slabu, yakakwama chini yake, yakasukana kama mkeka. Kila jioni Nyapara alipita akiinama, akiyavuta kwa mkono, slabu hadi slabu. Kila jioni isipokuwa moja. Alikuwa Msabato, na kuanzia jua la Ijumaa lizamapo hadi la Jumamosi hakugusa kazi wala hakumtuma mtu kazi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya soko kubwa. Nilikuwa nimejikinga kwenye kibanda wakati mvua iliposhuka, mvua ya kuziba masikio. Nikamwona anaingia kwa lango la juu kutoka kanisani, suti nyeusi, Biblia ndani ya koti. Nadhani aliisikia mvua juu ya mabati ya kanisa na hakusikia tena kitu kingine. Alikuja akasimama kando ya slabu ya kwanza. Maji yalikuwa yamefika ukingoni.

"Nyapara, majani!"

"Nimeyaona."

"Tuyatoe basi!"

"Jua halijazama."

Mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu. "Utajuaje limezama na mawingu haya?"

"Hiyo ndiyo shida," akasema.

"Niambie nianzie wapi."

"Sikutumi. Kumtuma mtu ni kufanya mwenyewe."

Niliweka kamera chini ya benchi nikaingia mferejini. Mimi ni Mkatoliki, Jumamosi yangu haina kitu. Nilivuta majani kwa mikono yote miwili, yakakatika, na yaliyokuwa ndani hayakutoka. Ilitakiwa kuinua slabu, na slabu ilitaka watu wawili. Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, mmoja umeushika mwingine kwenye kifundo, kama askari aliyemkamata mtu. Maji yakapanda juu ya njia. Yalichukua kokoto kwanza, kwa sauti kama ya mtu anayetafuna mahindi makavu. Kisha yakaanza mgongo wenyewe, udongo mwekundu ukimeguka vipande vipande, na mawe ya mfereji yakafuata moja moja.

Taa za barabara ya juu zilipowaka, alihesabu hiyo kuwa jua limezama. Alivua koti, akaizungushia Biblia, akaiweka juu ya benchi, akaruka ndani na suruali ya kanisani. Tuliinua slabu. Mkeka wa majani ukatoka wote kwa mkupuo mmoja. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kuondoka mferejini, na njia ndiyo iliyokuwa mto.

Wiki iliyofuata nilimwuliza, labda kwa ukatili wa ujana, kama angekuwa na nafasi ya kurudia angefanya nini.

"Vilevile," akasema. "Hilo ndilo linaloniua."

Ofisi haikujenga tena. Vibarua walipewa mafyekeo ya kukatia nyasi, na jembe likafungiwa kibandani. Nyapara alifyeka pamoja nao, akilaza nyasi kwa mistari iliyonyooka ambayo upepo uliitawanya. Watu wakaacha kuja kupigwa picha. Nikahamia Kericho, kisha Nakuru, kisha pwani, kisha miji ambayo majina yake nayachanganya. Kila nilipofika nilisema hapa nitakaa, na kila mvua ilipoanza niliona mahali fulani maji yanasimama, nikawaza ule mteremko, na haukupita muda nikafunga begi.

Nilirudi miaka ya sabini ikielekea mwisho. Vibanda vya biashara vilikuwa vimekula sehemu ya juu ya bustani. Ule ufa ulikuwa umezibuka, ukaikata njia na kuwa korongo, umejaa takataka na maji meusi, na ulikuwa umezaa mwenzake upande wa pili. Kati ya makorongo hayo mawili kilibaki kipande kimoja cha njia ya Nyapara, pamoja na mifereji yake miwili, kikiwa hakianzii popote. Watu walikuwa wametupa magogo kila mwisho ili kukifikia. Hapakuwa na mahali pengine pa kupita. Ile njia ambayo watu waliikimbia, sasa kila aliyetoka Daraja Mbili alilazimika kuipita, kwa kuwa maji yalikuwa yamechukua zote nyingine. Slabu hazikuwapo.

Nilimkuta juu ya kipande hicho, mzee, ameshika fimbo, na viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi vizuri. Alitazama miguu yangu, akataka kunipita.

"Mimi ni mpiga picha, Nyapara."

Akainua macho. "Ee. Wewe ndiye ulisimamisha maji."

Alinieleza kwamba hakuwa na kazi tena, lakini siku za soko hushuka kutoka Manga kuja kuangalia. Kuangalia nini, sikumwuliza. Mifereji ile haikutoa maji popote wala kuyapeleka popote. Tulisimama tukiongea habari za Mrefu, aliyekufa, na za Mama Ndizi, ambaye binti yake alirithi kibanda chake. Nilikuwa karibu kumwuliza kama anajuta nilipoona ametulia ghafla, macho yake kwenye magogo ya upande wa soko.

Alikuwa ni mkamwana wake. Si kijana tena. Mtoto mgongoni, mkungu kichwani, na amekwisha kanyaga njia alipomwona. Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wakipanda gogoni, hangeweza kurudi. Akainamisha macho. Akaanza kushusha mguu mmoja kuelekea mferejini, polepole, mkungu ukiyumba, mtoto akilia.

"Baki huko juu, mama," Nyapara alisema, akitazama pembeni.

Akanikabidhi fimbo. Aliketi kwanza kwenye ukingo wa mawe, kwa kuwa magoti yalikataa, kisha akajishusha mferejini na viatu vyake vizuri. Maji yalimfika kwenye mashavu ya miguu. Aligeuza mgongo, akainamisha kichwa, akangoja. Mkamwana alipita mbio bila kutazama, na wale wengine nyuma yake, na msichana mmoja asiyemjua akacheka kumwona mzee amesimama kwenye maji machafu kama kongoti. Mimi nilisogea ukingoni pamoja nao, kwa kuwa hapakuwa na nafasi.

Walipokwisha kupita nilimnyooshea mkono nimpandishe. Hakuushika. Alikuwa ameinama, mkono wake umezama hadi kwenye kiwiko, akipapasa chini kwenye mawe aliyoyapanga mwenyewe. Akatoa donge la majani ya ndizi, akalitupa juu kwenye nyasi, karibu na miguu yangu. Maji yaliyokuwa yamesimama yakaanza kutembea. Aliyatazama yakienda, hatua kwa hatua, yamenyooka kati ya mawe, mpaka pale mfereji ulipokatika, yakaanguka korongoni.